Dalali ni Mtu wa Nani?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Mgwashi)



Katibu wetu aliponiandikia kunitaka nizungumze leo, alinipa uhuru wa kuchagua jambo lolote, ila alinikataza mawili: siasa, na kuwasema walimu waliotuchapa. Kwa kuwa hayo mawili ndiyo ambayo ningeweza kuyazungumza bila kujitayarisha, imenibidi nikae chini niandike. Nimechagua jambo la udalali wa mashamba, viwanja na nyumba, na hasa swali moja ambalo nimekutana nalo ofisini mara nyingi kuliko jingine lolote: dalali ni mtu wa nani? Ni mtu wa mwenye shamba, ni mtu wa mnunuzi, au ni mtu wa nafsi yake?

Najua wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo la Kariakoo na Sinza, si la Mgwashi. Nawaomba wafikiri tena. Milima yetu hii ya Usambara ina watu wengi na ardhi kidogo, na kidogo hicho chenyewe kimegawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, hata mtu anaitwa mwenye shamba na shamba lenyewe ukilizunguka hujamaliza kutafuna muwa. Papo hapo kuna watu wa mjini waliochoka na joto, wanaotaka mahali pa baridi pa kujenga nyumba ya kupumzikia. Kati ya hao wawili amesimama kijana mwenye simu, anayepiga picha ya bonde asubuhi ukungu ukiwa bado haujaondoka, na jioni picha hiyo imekwisha fika Dar es Salaam pamoja na bei.

Nilipotoka shuleni hapa nilibahatika kusoma mambo ya ardhi, wakati chuo kile cha Ardhi kilikuwa bado ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu hapo nimekuwa mtumishi wa serikali katika kazi hiyo hiyo. Ninayoyasema leo nayasema kwa nafsi yangu, si kwa niaba ya ofisi yoyote. Wala sikuja kuwatukana madalali. Wapo waaminifu, na mwenye shamba asiyemjua mtu nje ya kata yake anawahitaji.

Neno lenyewe dalali tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni mtu anayeonyesha, anayeongoza njia. Huko pwani lilitumika kwa mnadi, na hata leo tunaye dalali wa mahakama, ambaye huteuliwa kwa kanuni zake maalumu na kazi yake ni kutekeleza amri za mahakama. Huyo tumwache. Namzungumzia yule anayekutanisha muuzaji na mnunuzi akalipwa ujira wake.

Jirani zetu wa Kenya waliwatungia madalali wa nyumba na ardhi sheria mwaka 1984, ikaundwa bodi ya kuwasajili, na asiyesajiliwa akifanya kazi hiyo ametenda kosa. Waingereza walikuwa wametunga ya kwao mwaka 1979. Sisi tulichelewa, na kuchelewa kwetu kuna sababu. Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ya Waingereza, ardhi ya Tanganyika yote ilihesabiwa kuwa ni ardhi ya umma chini ya Gavana. Tulipopata uhuru msingi huo hatukuubomoa, tuliuendeleza: mwaka 1963 miliki za moja kwa moja walizoachiwa wachache zilifutwa zikawa za muda. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Mwaka 1971 serikali ikatwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake zilikuja kuunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Kwa muda wote huo mafundisho yalikuwa kwamba ardhi tupu haina bei, ila kilichofanywa juu yake, yaani nyumba, kahawa, chai, migomba. Katika nchi ya namna hiyo, dalali wa ardhi angetungiwa sheria ya nini? Kisheria alikuwa hauzi kitu.

Mambo yalibadilika kwa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote mbili za mwaka 1999, ambazo zilianza kutumika Mei 1, 2001. Ardhi ilibaki ya umma, mikononi mwa Rais kama mdhamini wa raia wote, lakini sasa imetamkwa wazi kwamba haki ya mtu juu ya ardhi ina thamani, na thamani hiyo itazamwe katika kila mapatano. Mlango ulipofunguliwa namna hiyo, madalali waliingia kabla ya sheria yao.

Lakini ni kosa kubwa kudhani kwamba, kwa kuwa sheria ya madalali peke yao haikuwapo, basi dalali alikuwa huru kufanya apendavyo. Tunayo Sheria ya Mikataba tangu mwaka 1961. Kabla yake ilitumika hapa sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, na hiyo yetu imefuata nyayo zake karibu neno kwa neno. Ndani yake mna sehemu nzima inayohusu uwakala, yaani mtu kutumwa na mwingine afanye jambo kwa niaba yake mbele ya watu wa tatu. Dalali ni wakala. Hivyo jibu la swali letu ni rahisi kulitamka: dalali ni mtu wa yule aliyemtuma. Ugumu wake uko kwenye mambo yanayofuata baada ya kulitamka, na hapo naomba niwaeleze kisa kimoja cha nyumbani kwetu.

Mjomba wangu, mzee aliyepita miaka sabini, anaishi katika kijiji kimoja si mbali na hapa. Miaka michache iliyopita mkewe aliugua, akahitaji kupasuliwa, na fedha hazikuwapo. Mjomba akaamua kuuza kipande cha shamba kilicho kando ya barabara. Akamwita kijana mmoja anayejulikana kwa shughuli hizo, akamwambia, "Mwanangu, nitafutie mteja. Nikipata milioni nne nitashukuru." Baada ya wiki mbili kijana akarudi. Akasema, "Mzee, mteja nimempata, lakini hana zaidi ya hiyo milioni nne, na hata hiyo nimembembeleza." Mjomba akapokea milioni nne, akatoa humo laki nne za dalali, akatia kidole kwenye karatasi ambayo hakusomewa yote, akakimbilia hospitali.

Mwezi wa pili yake mnunuzi alikuja na fundi kupima msingi. Walipokuwa wanakunywa chai, mnunuzi akasema kwa utani kwamba kwa milioni sita na nusu alizotoa, alitegemea walau mipaka iwe imesafishwa. Mjomba alidhani amesikia vibaya. Akamwomba arudie.

Ile milioni mbili na nusu ndiyo inayoitwa cha juu. Nasikia vijana wanalitaja neno hilo bila kushusha sauti, kana kwamba ni jina la ujira halali. Sheria haimjui cha juu. Sheria inasema kwamba wakala humpa aliyemtuma hesabu kamili, na kila alichopokea kwa kazi ile ni cha aliyemtuma, ukiondoa ujira waliopatana na gharama zilizotumika kwa haki. Tena inasema wakala aliyekosa uaminifu katika kazi hana haki ya ujira kwa sehemu ile aliyoiharibu. Maana yake ni kwamba mjomba alistahili milioni mbili na nusu yake yote, na alikuwa na hoja nzuri ya kudai hata zile laki nne.

Tulipomwita kijana yule mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji (watu saba, na kwa sheria watatu wao ni wanawake), alijitetea vizuri kuliko nilivyotegemea. Alisema, "Mzee alitaka milioni nne mkononi. Nimempa milioni nne mkononi. Hiyo ya juu ni jasho langu. Kosa langu ni lipi?" Wazee wawili watatu nikawaona wanatikisa vichwa kumkubali. Ni hoja inayostahili kujibiwa, maana wengi hapa mnaiamini, na baadhi yenu, naomba radhi, mnaitumia.

Jibu ni kwamba inawezekana kabisa mwenye mali kupatana na dalali kwamba, "Mimi nipe kiasi hiki, kinachozidi ni chako." Hayo ni mapatano halali, kwa sharti kwamba mwenye mali anajua anachokubali. Lakini mjomba hakupatana hivyo. Alitaja kiasi ambacho angeshukuru kukipata, na akatoa ujira wa dalali juu ya kiasi hicho hicho, jambo linaloonyesha kwamba alijua ujira ni ule peke yake. Na zaidi ya yote, aliambiwa kwamba mnunuzi hana zaidi ya milioni nne. Uongo huo ndio uliovunja kila kitu. Wajibu wa kwanza wa wakala ni kumjulisha aliyemtuma mambo anayohitaji kuyajua ili aamue, na bei aliyoitaja mnunuzi ni la kwanza kati ya mambo hayo.

Wenzetu wa Uingereza waliwahi kulipeleka jambo la namna hii mbali zaidi. Mwaka 1927 mahakama yao ya rufani ilisikiliza shauri la Keppel na Wheeler. Madalali walikuwa wamempata mnunuzi, mwenye mali akamkubali bila kutia sahihi mkataba. Kabla ya sahihi akatokea mnunuzi wa pili mwenye bei kubwa zaidi, nao madalali hawakumwambia mwenye mali, kwa kudhani kazi yao imekwisha. Hawakula hata senti ya ziada, na mahakama ilikubali kwamba hawakuwa na nia mbaya, hata ujira wao wakaachiwa. Lakini waliamriwa kumlipa mwenye mali tofauti ya bei hizo mbili, kwa sababu hadi mkataba utiwe sahihi walikuwa bado watu wake. Hukumu za Uingereza hazitufungi hapa, ila mahakama zetu huzisikiliza. Sasa linganisheni: wale walinyamaza tu wakalipishwa. Huyu wetu alidanganya na akazitia fedha mfukoni.

Na lipo jingine ambalo vijana wengi hawalijui. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiwahusu watumishi wa serikali peke yetu, kama mnavyopenda kutucheka. Inamgusa wakala yeyote anayepokea manufaa kwa njia ya rushwa katika shughuli za aliyemtuma. Dalali wa muuzaji anayepewa bahasha na mnunuzi ili ashawishi bei ishuke amekwisha toka kwenye mambo ya madai, ameingia kwenye jinai.

Kisa cha mjomba hakikuishia hapo. Mnunuzi naye alikuja na malalamiko yake. Dalali alimwambia kwamba mfereji unaopita juu ya shamba lile una maji mwaka mzima. Kila mtu wa kijiji kile anajua kwamba mvua zikichelewa mfereji ule hukauka. Mnunuzi alikuwa amepanga bustani ya mboga kwa kutegemea maji hayo. Alimwendea nani? Alimwendea mjomba, na kisheria alikuwa na haki ya kumwendea. Uongo alioutoa wakala alipokuwa anafanya kazi aliyotumwa unahesabiwa kama umetoka kinywani mwa aliyemtuma, na mnunuzi aliyedanganywa anaweza kuomba mapatano yavunjwe. Mzee ambaye hakuwahi hata kutamka neno mfereji alijikuta anajibu kwa ajili ya mfereji.

Kwa hiyo dalali wa muuzaji, ijapokuwa si mtu wa mnunuzi, hana ruhusa ya kumwongopea mnunuzi. Hana lazima ya kumwambia, "Bei hii kubwa, ipunguze." Hiyo ingekuwa kumsaliti aliyemtuma. Lakini akiulizwa juu ya maji, mipaka, deni au kesi, aseme kweli au aseme hajui. Akidanganya kwa makusudi ili apate fedha, mbali na kumponza mwenye mali, yeye mwenyewe anaweza kushtakiwa kwa kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu. Na anayejiita dalali wa shamba ambalo mwenyewe hakumtuma kabisa, huyo atalipa kwa mfuko wake hasara yote ya mtu aliyemwamini.

Je, anaweza kuchukua ujira kwa pande zote mbili? Mjini hilo ni jambo la kila siku: mwenye nyumba anatoa chake, mpangaji anatoa kodi ya mwezi mmoja, na kabla ya hapo ametoa fedha ya kupelekwa kuiona nyumba, ambayo pengine haipo. Sheria haikukataza mtu kutumwa na wawili, ila wote wawili wajue na wakubali. Akificha upande mmoja amekosa. Mimi binafsi, kwa niliyoyaona, simpendi dalali wa pande mbili hata akisema wazi. Sijui mtu anawezaje kutafuta bei ya juu kwa huyu na bei ya chini kwa yule katika siku moja. Lakini hayo ni maoni yangu, si sheria.

Narudi kwa mjomba, kwa sababu jambo zito kuliko yote lilikuwa bado. Mauzo yale yaliandikwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, akagonga mhuri, akapewa chake, na dalali akamwambia mnunuzi kwamba kila kitu kimekamilika. Hakikuwa kimekamilika. Shamba lile ni ardhi ya kijiji. Haki ya kimila juu ya ardhi ya kijiji haihamishwi kwa mhuri wa mtu mmoja. Ni lazima halmashauri ya kijiji iketi, iridhie, na iandike muhtasari. Si jambo jipya hili. Mwaka 1985, kabla ya hizo sheria za 1999, Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili, na mahakama zetu zimeendelea kulisema hilo hadi miaka hii. Hivyo mnunuzi alikuwa amelipa milioni sita na nusu na hana shamba, na mjomba alikuwa amekwisha tumia fedha za shamba ambalo kisheria lilikuwa bado lake.

Sheria hiyo ya vijiji inaitaka halmashauri iangalie jambo jingine kabla ya kuridhia: kama kuhamishwa kwa haki ile kutavunja haki ya mwanamke yeyote ya kuitumia ardhi, iseme hapana. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Halmashauri ilipoketi, mjumbe mmoja mama akauliza, "Mwenye nyumba anasemaje?" Kukawa kimya. Shangazi alikuwa amelala hospitali wakati wa mauzo, na shamba liliuzwa kwa ajili yake, lakini yeye ndiye mtu pekee ambaye hakuulizwa. Alikuwa amekwisha rudi nyumbani, anatembea kwa fimbo, wakamwita. Akasema hana ugomvi na kuuza, alishukuru kupona, ila kama angeulizwa angesema kiuzwe kipande cha bondeni, maana hiki cha barabarani ndicho alichokuwa akitoa mboga za kupeleka sokoni.

Dalali mzuri angeuliza hayo siku ya kwanza. Sheria inamtaka wakala afanye kazi kwa ujuzi na bidii ya kawaida ya watu wa kazi hiyo, na mtu anayejitangaza kuwa anauza mashamba ya vijiji bila kujua kwamba kuna halmashauri ya kijiji hana ujuzi huo. Kadhalika wale wanaowaletea wageni kutoka nje ya nchi. Mtu asiye raia hapewi ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji kwa utaratibu wa sheria, na ile hila ya kuandika shamba kwa jina la kijana wa kijijini huku mgeni ndiye mwenyewe nimeiona ikimalizika vibaya kwa wote watatu: mgeni, kijana, na mzee aliyeuza.

Mwishowe halmashauri iliridhia, kwa sharti kwamba mnunuzi amwachie shangazi msimu mmoja wa kuvuna, naye mnunuzi alikubali na suala la mfereji akaliacha. Ni mtu mwema. Kijana dalali alikubali mbele ya baraza kurudisha milioni moja na nusu kwa mafungu. Alirudisha laki tisa, kisha akahamia Morogoro. Mjomba hataki kumfuata mahakamani. Anasema nauli ya kwenda na kurudi italeta deni jipya. Mimi nilitaka afuatwe, na hadi leo hatukubaliani.

Sasa ndugu zangu, naja kwenu. Wengi wenu mko Tanga, Arusha, Dar es Salaam. Simu inalia, ni baba mdogo au jirani wa zamani: "Mwanangu, wewe uko mjini, unajuana na watu, nitafutie mteja wa kile kishamba." Unasema sawa. Huchukui ujira, unamsaidia tu mzazi. Pengine unafikiri kwamba kwa kuwa hulipwi wewe si dalali. Lakini Sheria ya Mikataba inasema uwakala hauhitaji malipo wala karatasi. Ukikubali kwa simu na ukaanza kazi, wewe ni wakala, na wajibu wote niliousema uko juu yako: kumpa habari zote, kumtolea hesabu, kutojinufaisha.

Hapo pana mtego ambao wasomi tunaingia wepesi kuliko yule kijana wa Morogoro. Unaliona shamba lenyewe ni zuri, unalitaka. Unamwambia baba mdogo, "Nimempata mteja," na mteja ni rafiki yako aliyebeba jina, fedha ni zako. Sheria inasema wakala akijiuzia mwenyewe bila ridhaa ya aliyemtuma, na akaficha jambo kubwa au bei ikawa ya kumuumiza, mapatano hayo yanaweza kukataliwa. Na akipata faida kwa mlango huo, mwenye mali anaweza kuidai. Kulitaka shamba si dhambi. Mwambie, "Baba, nalitaka mimi, lakini kwanza muulize mtu mwingine bei." Nimeona mafaili mawili ya namna hiyo, yote ya watu waliosoma, na yote yaliletwa ofisini na watoto wa marehemu.

Na nimetaja marehemu: mwenye mali akifa, utume umekoma. Dalali aliyekwisha pata habari za msiba hana tena mamlaka ya kuuza, hata kama mnunuzi yuko njiani na fedha. Mambo yanasubiri msimamizi wa mirathi.

Nisije nikaonekana nimemwonea dalali, naye ana haki zake. Ujira wake unastahili kulipwa kazi inapokamilika, au kwa wakati mwingine wowote waliopatana, na gharama alizotumia kwa ajili ya kazi azirudishiwe. Ipo tabia mbaya, na hapa milimani ipo, ya mwenye shamba kuonyeshwa mteja na dalali, kisha kumwambia mteja pembeni, "Rudi wiki ijayo peke yako, tumwepuke huyu." Hiyo haimsaidii kitu. Ikiwa dalali ndiye aliyewakutanisha na mauzo yametokana na kukutanishwa huko, ujira ni wake hata kama siku ya kuhesabu fedha hakuwapo. Nadhani cha juu kimezaliwa kwa sehemu na tabia hiyo: kijana aliyerukwa mara tatu, mara ya nne hujilipa mwenyewe mapema.

Mtu aliyedhulumiwa aende wapi? Madai ya shamba lenyewe yaanzie kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji au Baraza la Kata. Angalieni kwamba tangu mabadiliko ya mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi tena hukumu. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa linatoa hati ya kusema hivyo, ndipo mtu apande Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wapo watu hadi leo wanaosubiri hukumu ya kata. Madai ya fedha dhidi ya dalali ni madai ya mkataba, na mahakama huyasikiliza. Udanganyifu ni wa polisi, na bahasha ni ya TAKUKURU.

Kwa kuwa Katibu aliniomba nisiondoke bila kuacha kitu cha kushika, nimeandika karatasi moja ambayo mwenye shamba na dalali wanaweza kuijaza kabla kazi haijaanza. Ina mistari michache: nani amemtuma nani, shamba lipi na majirani wake ni akina nani, mke au mume amesemaje, bei ya chini ni ipi, ujira ni kiasi gani na unalipwa na nani, lini, na mstari mmoja kwamba bei atakayoitaja mnunuzi yeyote itafikishwa kwa mwenye mali siku hiyo hiyo. Nimeiandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ili mzee aisome bila miwani. Nakala hamsini ziko pale mezani kwa Katibu, na nyingine nimempelekea Mtendaji wa Kijiji. Nitakuwapo hadi saa kumi kwa wenye maswali.